Mti Uwe na Mwenye Kuulea

Hotuba ya walimu wakimbizi, iliyosomwa mbele ya Kamati ya Jumuiya, Dzaleka, Siku ya Wakimbizi Duniani

 

Kamati imetupatia sisi walimu nafasi ya kusema maneno machache juu ya upandaji wa miti na hifadhi ya misitu katika eneo letu. Tumeambiwa dakika kumi na tano. Kama mjuavyo, mwalimu akipewa dakika kumi na tano huchukua nusu saa, kwa hiyo tunaomba radhi mapema.

Tutaanza na jambo ambalo huenda lisiwafurahishe wote. Leo ni tarehe 20 Juni, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliichagua mwaka 2000 iwe Siku ya Wakimbizi Duniani, nayo huadhimishwa tangu mwaka 2001. Ni siku njema ya kukutana, kucheza ngoma na kuwakumbuka waliobaki njiani. Lakini kwetu hapa Dowa si siku ya kupanda mti. Mvua ilikwisha Aprili. Nyingine tutaiona Novemba, na huenda Desemba. Mche ukitiwa ardhini leo, itabidi unyweshewe kwa ndoo miezi mitano mfululizo, na maji yenyewe tunayapangia foleni tangu alfajiri. Nani atamnyima mtoto maji ya kuoga akaupa mche ambao hata hajui uliletwa na nani? Kwa sababu hiyo tuliiomba Kamati kwamba leo usipandwe hata mti mmoja kwa ajili ya picha, na Kamati ikakubali. Tunaishukuru sana. Leo tupange, kupanda kutakuja na mvua.

Tunasema hivyo kwa sababu tumekwisha kuona. Katika miaka iliyopita miche mingi imepandwa kambini na kandokando yake. Magari yalikuja, miche ikashushwa, hotuba zikasomwa, picha zikapigwa, soda zikanywewa. Hatumtaji mtu wala shirika. Tunasema tu lile ambalo kila aliye hapa anaweza kwenda kulitazama kwa macho yake: katika sehemu kadhaa yamebaki mashimo. Tuliwatuma wanafunzi wa darasa la saba wakahesabu miti iliyo hai katika sehemu mojawapo, liwe zoezi lao la asilimia. Walirudi mapema mno. Zoezi lilikuwa rahisi kupita kiasi.

Sasa piteni kati ya nyumba na nyumba humu humu kambini. Mtaona mwembe mlangoni kwa mama fulani, mpapai nyuma ya bafu, mpera penye ukingo wa shamba dogo la mchicha. Hakuna shirika lililoipanda, wala hakuna bango lililosimikwa. Nayo iko hai. Mama akimaliza kuosha vyombo, maji huyamwaga pale pale. Mbuzi akisogea, mtoto humfukuza kwa jiwe. Mti ule una mwenyewe. Hilo ndilo tulilokuja kulisema leo, na mengine yote yanatoka humo: upungufu wetu mkubwa si miche, ni wenye kuilea miche.

Turudi nyuma kidogo, tujue tuko wapi. Mahali hapa, kabla ya kuwa kambi, palikuwa gereza. Katika utawala wa Dakta Kamuzu Banda wafungwa wa siasa waliletwa hapa, na jina lenyewe la Dzaleka wazee wanalihusisha na neno la Kichewa kuleka, yaani kuacha. Mfungwa akitoka aseme hatarudia tena. Ndugu zetu Warundi wanalisikia neno hilo bila mkalimani, kwa maana wao husema kureka. Mwaka 1994, utawala ule ulipofikia mwisho, mahali hapa pakafunguliwa kuwa kambi ya wakimbizi. Ilikusudiwa watu kama elfu kumi au kumi na mbili. Leo tumepita 50,000. Na mwaka 2023 Serikali ilipoamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini na vijijini warudi kambini, wengi walirudi kutoka Lilongwe, wengine wakiwa na godoro na sufuria tu. Tuliwapokea. Lakini kila sufuria iliyoingia ilihitaji moto wake, na eneo la kambi halikuongezeka hata hatua moja.

Hebu tufanye hesabu ya darasani. Hii si takwimu ya ofisi yoyote, ni makadirio ya ubaoni. Tuseme kila mtu anatumia kilo moja tu ya kuni kwa siku, ikiwa ni pamoja na makala iliyogeuzwa kuwa kuni. Watu 50,000 ni kilo 50,000, yaani tani 50. Lori la tani tano litahitaji kuja mara kumi, leo, na kesho, na keshokutwa, Jumapili pia. Malori hayo hatuyaoni kwa sababu yanakuja juu ya vichwa vya akina mama na nyuma ya baiskeli za vijana. Yangekuja kwa barabara, yakaegeshwa mbele ya ofisi, tungeshtuka.

Na makala ina jambo lake. Wale waliozoea kusema mkaa na wale waliozoea kusema makala tunazungumza kitu kimoja, na kitu hicho hula msitu kuliko kuni. Katika tanuri la udongo, kama lile linalofukiwa porini, kilo 100 za kuni kavu hutoa mkaa wa kilo 10 hadi 20 tu. Iliyobaki hupotea katika moshi. Ni kweli mkaa ni mwepesi kubeba na hautoi moshi ndani ya nyumba. Hatumlaumu mama anayeununua. Lakini ajue kwamba katika kopo lile moja ameshika kuni za siku kadhaa.

Kwa wenyeji wetu hili si jambo geni. Sisi si wakimbizi wa kwanza katika nchi hii. Vita vya Msumbiji vilipokuwa vikali, Malawi, nchi yenye watu milioni tisa au kumi wakati ule, iliwapokea wakimbizi zaidi ya milioni moja. Walikaa katika wilaya kama Nsanje, Ntcheu na Dedza. Mapatano ya amani yalitiwa saini Roma mwezi Oktoba 1992, na katika miaka iliyofuata wakarudi kwao. Walipoondoka, vilima vingi vilivyozunguka makambi yao vilikuwa vitupu. Mmalawi mwenye umri wa miaka hamsini anakumbuka. Anapomwona mkimbizi na panga, haoni mtu mmoja mwenye njaa. Anaona vile vilima.

Sisi nasi tuna kumbukumbu zetu. Wengi wa waliotoka Kivu waliona yale ya Goma. Mwaka 1994 mamia ya maelfu ya watu waliwekwa karibu kabisa na Hifadhi ya Virunga, na kila asubuhi walikuwa wakiingia msituni kutafuta kuni. Katika miaka miwili zaidi ya kilomita za mraba 100 za msitu ziliathirika, na kabla ya mwaka ule kwisha UNESCO ilikuwa imeuingiza Virunga katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Nani alikuwa mwovu pale? Mtu mwenye unga bila moto hana chakula. Lakini msitu haukuuliza sababu.

Tumetaja mambo hayo ili tufike kwenye linalotuuma sisi walimu. Daftari la mahudhurio halisemi uongo. Kuna siku za juma ambazo wasichana wakubwa hawaonekani darasani, na ukiuliza utaambiwa wamekwenda na mama kutafuta kuni. Huondoka kabla ya jua. Wakirudi, wengine hurudi na mzigo, wengine bila mzigo wala panga, kwa maana wamenyang'anywa na mwenye shamba. Na wako waliorudi na habari ambazo mama huzisema kwa sauti ya chini, tena kwa mama mwenzake tu. Hatutazisema hapa mbele ya watoto. Wanaohusika na ulinzi wa akina mama wanazijua. Tunachotaka kieleweke ni kwamba tunapozungumza juu ya miti, tunamzungumzia msichana yule na dawati lake lililo wazi.

Kisha kuna swali ambalo huulizwa kila mara, na ni swali la haki: kwa nini mkimbizi apande mti? Ardhi si yake. Sheria haimpi. Anangoja kurudi kwao au kuitwa nchi ya tatu. Mti wa miaka thelathini ataupandia nani?

Tuliliuliza swali hilo kwa wenyeji, nasi tukajifunza jambo. Kwa mila ya Wachewa, mwanamume anapooa huenda kukaa kijijini kwa mkewe, naye huitwa mkamwini. Shamba ni la ukoo wa mke. Ndoa ikivunjika, au mke akifariki, mume hufunga virago akarudi kwa dada zake. Basi mkamwini naye husitasita kupanda miti. Husema, nipande mbawa, kesho avune nani? Watafiti wa kilimo nchini humu wameliandika jambo hilo mara nyingi. Tuliposikia hivyo tulicheka, maana tulijiona. Mkimbizi ni mkamwini wa nchi nzima!

Lakini mkamwini huyo huyo hulima mahindi. Hulima karanga. Hupanda mbaazi. Maana yake haikatai ardhi. Anakataa kungoja kusikokuwa na ahadi. Basi tumpe kitu cha kungoja kinacholingana na subira yake, na ahadi iliyoandikwa.

Kuhusu subira, miti haifanani. Ziko mbaazi, ambazo wenyeji huziita nandolo: unazipanda na mvua ya kwanza, mwaka haujaisha umekula punje, majani yamerudi udongoni, na mashina makavu yamepikia maharage. Mashina yake ni membamba, moto wake ni wa haraka, lakini ni moto. Hata mtu ambaye jina lake limekwisha kubandikwa ubaoni kwa safari anaweza kupanda mbaazi. Uko utupa, ambao wazee wa kando ya ziwa wanaujua kwa sababu nyingine, nao tunawaomba waisahau sababu hiyo: utupa usitiwe kwenye maji ya mtu wala ya samaki. Shambani hurutubisha udongo, na katika mwaka wa pili unautoa shina la kupikia. Iko gilirisidia, ambayo watafiti wa Makoka kule Zomba waliichanganya na mahindi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990: unaikata, inachipua, unaikata tena, majani yake ni mbolea kwa yule asiyeweza kununua mbolea, na matawi ni kuni. Mkaratusi, yaani bulugama, hutoa nguzo katika miaka mitano hadi saba, nao huchipua ukikatwa. Lakini usiusogeze kwenye kijito wala kisima, na uwe macho na mchwa miaka ile ya mwanzo. Halafu iko miti ya wenye subira: msangu, mti wa ajabu unaopukutisha majani yake wakati wa mvua na kuyavaa wakati wa kiangazi, hivyo mahindi hustawi chini yake bila kunyimwa jua; na mbawa, ndiyo mkangazi wa Waswahili, mti wa mbao za watoto wa watoto wetu. Hiyo ya mwisho ipandwe zaidi vijijini, kwa wenye ardhi, kwa mikono yetu na yao. Tusimdanganye mkimbizi kwamba atavuna mbawa.

Watu hudhani hifadhi ya msitu ni kupanda. Wakati mwingine ni kuacha tu. Miti ya asili ya nchi hii, ile ya miombo, ikikatwa haifi. Kisiki chake kina mizizi mikubwa chini, na mvua ikija huchipua machipukizi kumi au zaidi. Ukichagua mawili matatu yaliyonyooka, ukayapunguza mengine ukayatumia kama kuni ndogo, na ukamzuia mbuzi na moto, baada ya miaka michache una mti bila kitalu, bila ndoo ya maji, bila gari la kuleta miche. Nchini Niger, katika sehemu za Maradi, Mwaustralia mmoja aitwaye Tony Rinaudo alichoka kuona miche yake ikifa jangwani. Mnamo mwaka 1983 akagundua kwamba vichaka alivyokuwa akividharau njiani ni visiki vya miti iliyo hai. Wakulima wakaanza kuvilea, na baada ya miaka ishirini hivi miti ilikuwa imerudi katika hekta zaidi ya milioni 5. Karibu na kwetu zaidi, huko Shinyanga, Tanzania, serikali ya kikoloni ilikata vichaka ili kuua mbung'o, na ardhi ikabaki uchi. Mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ambao haukuleta uganga wowote mpya. Uliwarudisha Wasukuma kwenye ngitili yao, yaani desturi ya kutenga sehemu ya malisho isiguswe hadi kiangazi. Ngitili zilikuwa zimebaki hekta kama 600; hadi miaka ya mwanzo ya 2000 zilipita hekta 300,000. Kila ngitili ilikuwa na mwenyewe, awe mtu, ukoo au kijiji.

Kwa hiyo ndugu zangu, anayekata tawi si adui mkubwa. Adui ni anayekuja na jembe na sululu akang'oa kisiki chenyewe, kwa kuwa kisiki hutoa mkaa mzuri. Huyo hakati mti. Anafuta mti pamoja na wajukuu wake. Tumemwomba Mwenyekiti lipatikane neno moja kati ya Kamati na amfumu: kisiki kisiguswe, awe mkimbizi awe mwenyeji. Katika mambo yote tuliyoyasema leo, hili ni la bei nafuu kuliko yote, nalo linaweza kuanza kesho asubuhi.

Jikoni hatutakaa sana. Akina mama wanajua kuliko sisi, na mwalimu mwanamume anayefundisha mapishi huchekwa. Maharage yalowekwe tangu usiku. Sufuria ifunikwe. Kuni zikauke kwanza. Jiko la udongo la chitetezo mbaula, ambalo akina mama wa Malawi hulifinyanga, hula kuni chache sana kuliko mafiga matatu. Wakongo wataona kwamba mbabula yetu na mbaula yao ni ndugu wa tumbo moja. Na vijana wanaofyatua matofali wafikirie: tanuri moja la kuchomea matofali humeza kuni ambazo zingepikia nyumba nyingi. Tofali la kukausha juani, likiwa na msingi mzuri na paa linalotokeza nje, hukaa miaka. Nyumba nyingi humu ni shahidi.

Wapo watakaosema: mnatuhubiria sisi maskini, na je, mji? Ni swali zuri. Wanaokumbuka kuishi Lilongwe, kule Area 23 na mitaa mingine, wanakumbuka magunia ya mkaa yaliyopangwa kandokando ya barabara na baiskeli zilizopita alfajiri zikiwa zimepakia hadi juu. Zaidi ya asilimia 90 ya kaya za Malawi hupikia kuni au mkaa, na umeme ukikatika hata mwenye jiko la umeme hutafuta kopo la mkaa. Sehemu ya mkaa huo ilitoka Dzalanyama, msitu wa hifadhi ulioko kusini magharibi ya mji. Huko ndiko chanzo cha mto Lilongwe, na mto huo ndio hujaza mabwawa yanayounywesha mji mkuu. Mtu wa Area 23 aliyenunua gunia lile alikuwa akiyauza maji ya bomba lake mwenyewe bila kujua. Hali ilifika mahali askari jeshi wakapelekwa kuulinda msitu. Bunge nalo liliirekebisha Sheria ya Misitu mwaka 2020 na kuongeza adhabu kwa wafanyao biashara ya mkaa bila kibali. Hilo vijana wetu walijue vizuri, maana hakimu hatauliza kama una kadi ya mgao. Lakini askari hawezi kusimama chini ya kila mti, na huko nako tunarudi palepale: Dzalanyama ni mali ya taifa zima, na mali ya wote mara nyingi hukosa wa kuiamkia usiku.

Sasa ombi letu. Kwanza kwa amfumu, kwa heshima. Sheria ya Misitu ya mwaka 1997 inatambua misitu ya vijiji na kamati za vijiji za kutunza maliasili. Tunaomba katika kamati za vijiji vinavyotuzunguka wakae pia wakimbizi wawili, mmoja awe mama, hata kama ni kwa kusikiliza tu mwanzoni. Tunaomba yaandikwe maelewano, kwa Kichewa na kwa Kiswahili, yenye mambo machache: sehemu hii tutapanda pamoja, nusu ya miche itakwenda vijijini, matawi na machipukizi ya kupunguza yatagawanywa hivi, siku fulani za juma akina mama wa kambi wataruhusiwa kuokota kuni zilizoanguka bila kunyang'anywa panga. Ardhi ibaki ya kijiji. Hatuombi ardhi. Tunaomba mavuno ya kile tutakachokilea, na tukiondoka, mti ubaki kwenu.

Kwa ndugu zetu wa mashirika, tunawashukuru kwa mengi, na tunasema haya kama watu wa nyumba moja. Msimu wa taifa wa misitu hapa Malawi huanza 15 Desemba na kwisha 15 Aprili, lakini mche unaofika kambini mwezi Machi umefika mazishini. Vifuko na mbegu vitufikie Agosti, miche iwe tayari kabla ya Krismasi, iingie ardhini udongo ukiwa umelowa vizuri. Na katika taarifa zenu, tunawasihi, msiandike tu miche mingapi imepandwa. Andikeni mingapi iko hai Oktoba, kiangazi kikiwa kikali. Tunajua taarifa ya namna hiyo haipendezi kwa wafadhili mwaka wa kwanza. Mfadhili mwenye akili atapenda kusoma ya mwaka wa tatu.

Kwa wazazi: msilazimishwe. Wazee waliotoka Zaire ya Mobutu wanaikumbuka salongo, kazi ya lazima, na jinsi mtu alivyokwenda kwa mguu mzito akarudi bila kujua alichokifanya. Hatutaki salongo ya miti. Asiyetaka mche asipewe. Anayetaka aandikwe jina lake pamoja na mahali pa mche wake, naye ndiye mwenyewe, hata akihama blok. Akiondoka kwa safari, amkabidhi jirani mbele ya kiongozi wa blok, kama anavyokabidhi kitanda na masufuria. Hili la kukabidhi tumelifikiria sana. Kila juma mtu huondoka hapa, na mara nyingi huacha nyuma mpapai unaozaa. Jirani hula matunda na kulitaja jina lake.

Nasi walimu tumeanza na lililo mikononi mwetu. Nyuma ya madarasa tumetenga sehemu ya kitalu. Kila mwanafunzi wa darasa la tano hadi la nane atakuwa na mche mmoja alioupanda mwenyewe kutoka mbegu, na atakwenda nao nyumbani Desemba, si kuuacha shuleni, kwa kuwa shule hufungwa na likizo haina mnyweshaji. Somo la sayansi litapimwa hapo: urefu wa mche kila mwezi, kwa rula. Mche ukifa, mwanafunzi ataandika chanzo: mbuzi, mchwa, kiu, au mdogo wake aliyeukalia. Hatutampunguzia alama. Tunataka kujua.

Basi matangazo, kisha tutakaa. Jumamosi hii tutalima matuta ya kitalu kuanzia saa moja asubuhi. Mwenye jembe aje nalo. Tunahitaji makopo, pakiti za maziwa na chupa za plastiki zilizokatwa katikati, kwa maana vifuko vilivyopo havitoshi. Tunahitaji samadi, na wenye mbuzi, ambao tumewasema vibaya leo, hapa ndipo pa kujitetea. Mbaazi zitakomaa vijijini kuanzia mwezi ujao. Mwenye kupata mbegu nzuri asizile zote, alete kikombe kimoja. Majina yataandikwa na walimu wa zamu chini ya mwembe ulio karibu na lango la shule. Akina mama waandikishwe kwanza, wana safari ndefu.